Je, Saa ya Mtoto ni Saa Iliyopotea?

Miongoni mwa mambo ambayo watu wengi katika miji yetu huyaona madogo, na hali si madogo, ni ule wakati ambao mtu mzima huutumia nyumbani kwake pamoja na watoto wadogo, asifanye nao jambo kubwa lolote: wakakata maembe ya achari, wakakinga maji ya mvua, wakachambua mchele, wakaketi barazani kutazama upepo umegeuka. Akiulizwa mtu huyo amefanya nini jioni ile, atajibu, "Sikufanya kitu." Nasi twataka katika ukurasa huu tuulize swali moja na kulijibu: Je, wakati huu ni wakati uliopotea, au ni sehemu ya haki ambayo mtoto anamdai mzazi wake?

Jawabu letu ni kwamba ni haki. Wala hatusemi hivi kwa kupenda mambo laini. Twasema kwa sababu haki hii ina muda wake, na muda wake ni mfupi, na ukisha kupita haulipiki tena kwa mali wala kwa majuto.

Na tufanye hesabu kidogo, kwani hesabu haina upendeleo. Watu wengi hawakumbuki sawasawa mambo yaliyowapitia kabla ya umri wa miaka 5. Na mtoto akifika miaka 12 huanza kuvutwa na wenziwe na masomo yake na njia zake mwenyewe, na hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Baina ya hapo na hapo ni miaka 7. Basi mzazi ana masika 7 tu za kumpa mwanawe, na kaskazi 7, na misimu 7 ya maembe, na Ramadhani 7. Mtu aliyebakiwa na shilingi 7 mfukoni hazitoi ovyo. Huzitazama moja moja kabla hajazitoa. Lakini misimu hii 7 twaiacha ipite kama kwamba tunayo mia.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani khasa. Mji wa Mombasa uko yapata digrii 4 kusini ya Ikweta, na kwa sababu hiyo tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka mzima haifiki nusu saa. Katika nchi zilizo mbali kaskazini mwa dunia msimu hujitangaza wenyewe: majani ya miti hupukutika, theluji huanguka, usiku huwa mrefu, wala mtoto hahitaji kuambiwa. Kwetu sivyo. Misimu yetu huja kwa upole, na alama zake ni upepo, na mvua, na matunda, na hali ya bahari. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi, ikaleta joto na bahari iliyotulia, na wavuvi wenye vyombo vidogo wakatoka mbali. Kisha upepo hugeuka. Kusi hushika, na masika hutangulia nayo, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kabisa kwetu. Bahari huchafuka, na wavuvi wale wale wakabaki ndani ya miamba. Mambo haya mtoto huyapitia yote asiyaone, mpaka apatikane mtu wa kumshika mkono na kumwambia: "Tazama."

Wazee wetu walilijua hili. Walikuwa na hesabu ya mwaka wa jua wa siku 365, wakianzia siku ya Nairuzi na kuzihesabu siku kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo. Na kwa hesabu hiyo wakajua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Hesabu hiyo haikuandikwa sana vitabuni. Ilikaa vifuani mwa watu, na ilitoka kifua hata kifua kwa sababu mtoto alikuwapo pale mzee aliponyoosha kidole. Leo wangapi katika sisi waijua? Nayo haikupotea kwa kupigwa marufuku na mtu. Ilipotea kwa sababu mkubwa na mdogo waliacha kukaa pamoja.

Na juu ya misimu hii ya jua, sisi tuna mwezi wetu. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kwa yapata siku 11 kila mwaka wa jua, na haimalizi kuzunguka misimu yote ila kwa muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2016 Ramadhani ilianza mwezi wa Juni, wakati wa ubaridi wa kusi. Mwaka 2024 ilianza mwezi wa Machi, wakati joto la kaskazi limefika ukingoni. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 katika ile ya kwanza alikuwa na miaka 13 katika hii ya pili. Saumu zake za nusu siku, za kujaribu, alizifunga katika upepo wa baridi. Saumu zake za ukubwa zimemkuta katika jua kali. Ni nani wa kumweleza kwamba mwezi ni ule ule, na kwamba Mola aliyezipanga nyakati amewapa waja wake zamu ya wepesi na zamu ya uzito? Hakuna kalenda itakayomweleza hayo kama yule aliyepanda naye juu ya nyumba kuutafuta mwezi mwandamo.

Sasa tuangalie kazi hizi ndogo zina nini ndani yake. Chukua achari. Embe mbichi hukatwa vipande, hutiwa chumvi, huanikwa juani siku kadhaa, kisha ndipo hutiwa pilipili na siki ikawekwa. Mtoto wa miaka 6 hawezi kushika kisu, lakini aweza kupanga vipande juu ya sinia, na kuvigeuza, na kukimbia kuviingiza ndani wingu likijikusanya. Atauliza kila siku, "Tayari?" na kila siku ataambiwa, "Bado." Neno hili "bado" ni somo la subira ambalo halikuandikwa ubaoni. Na siku itakapokuwa tayari, chupa ya kwanza atatumwa kuipeleka kwa jirani. Na hapo amejifunza kwamba kitu ulichokitolea jasho ndicho chenye thamani ya kutolewa.

Au chukua mvua ya masika. Mtoto akisaidia kupanga ndoo chini ya mchirizi wa paa, akaona pipa likijaa kwa maji ambayo hakuna aliyeyalipia, kisha akafunzwa kutawadha kwa kikopo kimoja cha maji hayo, basi amefahamu neema na amefahamu ubaya wa israfu kwa pamoja. Akitia mbegu chache za kunde katika kopo la udongo, akaziona zikichomoza, amefahamu kitu katika khabari ya uhai na Muumba wake ambacho maneno yetu mengi hayawezi kukifikisha. Wala kazi hizi hazitaki mali. Zataka mtu.

Hapa hutokea watu wa namna tatu wenye kutupinga, na kila mmoja yatupasa kumjibu kwa insafu.

Wa kwanza ni mtu wa dini. Yeye husema: "Haya ni mchezo, na mchezo ni kupoteza umri. Mtoto apelekwe chuoni, na akirudi afungue kitabu." Huyu twamheshimu, kwani nia yake ni njema. Lakini twamuuliza: Je, yeye ni mkali zaidi kuliko Mtume (S.A.W.)? Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume alisali hali amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab. Akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama. Na imepokewa kwamba alikuwa akimzungumzisha mtoto mdogo, Abu Umair, ndugu yake Anas, juu ya kindege chake alichokuwa akikichezea. Khabari hii ni fupi mno, nayo ni ya mtoto na ndege tu. Lakini mwanachuoni Ibn al-Qass alitunga kitabu mbali kuieleza, akatoa ndani yake mafunzo yapata 60. Na masahaba walipowazoeza watoto wao kufunga siku ya Ashura, waliwafanyia vitu vya kuchezea vya sufi, mtoto akililia chakula hupewa cha kuchezea mpaka magharibi ikaingia. Tazama jinsi saumu na mchezo vilivyokaa katika nyumba moja, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Na lililo wazi zaidi ni khabari ya Mahmud bin Rabii. Yeye amesimulia kwamba alipokuwa na miaka 5, Mtume (S.A.W.) alichukua maji ya ndoo mdomoni akamrushia usoni, naye hakusahau. Imam Bukhari ameitia khabari hii katika mlango wa elimu, na wanachuoni wa Hadithi wakaifanya dalili ya umri ambao mtoto aweza kusikia jambo na kulihifadhi. Fikirini, ndugu zetu! Kilichohifadhiwa na mtoto huyu katika umri wa miaka 5, kikabaki naye mpaka uzeeni, kikasimuliwa, kikaandikwa, kikawa hoja ya wanachuoni, ni maji aliyorushiwa kwa mchezo na mtu aliyempenda. Na Imam al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, amesema katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya mchezo mwema, kwani kumzuia na mchezo na kumkalifisha masomo daima huufisha moyo wake. Basi anayedai kwamba mchezo mwema na mtoto ni upuuzi, ni juu yake kuleta dalili.

Wa pili ni mtu wa kazi. Yeye husema: "Mimi natoka alfajiri na kurudi baada ya isha. Nalipa kodi, nalipa ada, navisha, nalisha. Haki gani tena wanidai?" Huyu pia hatumdharau, kwani kuwachumia watu wa nyumbani ni ibada, na maisha ya leo ni mazito. Lakini mwenye madeni mawili akilipa moja halijamwondokea la pili. Salman alimfunza Abu Dardaa kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki, na watu wako wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Na Abu Dardaa hakuwa amezama katika biashara wala katika baraza za mazungumzo. Alikuwa amezama katika kufunga na kusali! Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru wa kusahau watu wa nyumbani, duka litakuwaje udhuru?

Hata hivyo hatumdai mtu asichonacho. Asiyekuwa na saa nne ana nusu saa. Asiyekuwa na kila siku ana Ijumaa. Amali ipendezayo ni ile yenye kudumu hata ikiwa kidogo, na mtoto hujua kuhesabu ahadi kuliko kuhesabu saa. Nao wako ndugu zetu wengi, waume kwa wake, waliokwenda Saudia na Imarati na Qatar kutafuta riziki, na wako mabaharia, na wako wanaofanya kazi bara. Kwao twasema: umbali haufuti haki, ila hubadilisha namna ya kuitekeleza. Mzazi akipiga simu asiulize tu, "Fedha zimefika?" Amuulize mwanawe: "Mvua imeanza? Maembe yameiva? Zile kunde zako zimetoa majani mangapi?" Mtoto aulizwaye hivi atakwenda kutazama ili apate jawabu la kesho, na hapo mzazi, ingawa yuko mbali, amemshika mkono.

Wa tatu ni mtu wa gharama. Yeye hakatai kuwafurahisha watoto, lakini afahamu kwamba furaha hununuliwa. Idi ikija hukopa ili avishe. Siku ya mapumziko hutafuta mahali pa kulipia. Na siku zilizobaki humtia mtoto simu mkononi ili anyamaze. Sisi hatuharamishi nguo mpya ya Idi wala bembea za viwanjani, kwani siku ya Idi ni siku ya furaha, na watoto wana fungu lao humo. Tunachokikataa ni kudhani kwamba kitu chaweza kusimama mahali pa mtu. Na simu, ingawa ina manufaa yake ambayo hatuyakanushi, ina ila moja kubwa katika jambo hili: humfundisha mtoto kwamba hana haja na aliye karibu naye. Tena si mtoto peke yake. Mara ngapi mtoto huja na kikopo chake cha kunde kuonyesha jani la kwanza, akamkuta babake ameinamia kioo, akaambiwa, "Ngoja"? Mtoto hungoja mara ya kwanza, hungoja mara ya pili; mara ya kumi haji tena. Na mzazi hufurahi akasema mtoto amekuwa mtulivu.

Tena twataka kusema na wanaume khasa. Katika nyumba zetu nyingi mzigo wote wa jambo hili ameachiwa mama, juu ya mzigo wa jiko na wa kazi za nje kwa walio na kazi. Baba huona kushika mbuzi ya kukunia nazi mbele ya wanawe ni kujivunjia heshima. Bibi Aisha (Mungu awe radhi naye) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Ikiwa hiyo haikupunguza heshima ya mbora wa viumbe, heshima ya nani basi itapungua? Na mtoto wa kiume aliyemwona babake akichambua mchele na mamake hatahitaji kufundishwa adabu ya ndoa siku ya harusi yake.

Wala mtu asitufahamu kwamba twasema ya kale yote yalikuwa mema. Hayakuwa. Katika ya kale mlikuwamo kuwatisha watoto kwa mazimwi na mapepo ili walale, mpaka mtu akakua akiogopa kivuli kuliko kumwogopa Mungu. Mlikuwamo kumfunga mtoto hirizi badala ya kumtazama vizuri. Mlikuwamo kumkemea kila alipouliza, na kuita woga wake adabu. Hayo yaondoke, wala hatuyalilii. Twataka lile moja tu lililokuwa jema nalo limetutoka: kwamba mtoto alikuwapo pale maisha yalipofanyika, akiona na kushika na kuuliza, wala hakutengwa mpaka akomae.

Na faida ya mwisho ndiyo kubwa. Kila mmoja wetu hulalamika juu ya vijana: hawasikii, hawaambiliki, na wengine wameangamia kwa madawa ya kulevya ambayo yameziliza nyumba nyingi katika mwambao huu. Nasi hukimbilia kuwapa nasaha. Lakini nasaha ni mzigo mzito, na mzigo haupiti ila pana daraja. Daraja hilo halijengwi siku ile kijana ana miaka 16 naye amekwisha kuvuka ng'ambo. Hujengwa kwa ubao mmoja mmoja, katika yale masika 7 na zile kaskazi 7, alipokuwa akiuliza na akajibiwa, akileta na kikapokewa. Hatusemi kwamba kila aliyelelewa hivi hatapotea. Wako waliolelewa vizuri wakapotea, na uongofu uko mikononi mwa Mungu. Twasema tu kwamba aliyepotea naye ajua njia ya nyumbani, yuko karibu zaidi na kurudi kuliko yule ambaye nyumba kwake ilikuwa mahali pa kulala. Wahenga wamesema, udongo upatize uli maji.

Basi enyi ndugu zetu, hatuwaombi jambo kubwa. Kila msimu chagueni jambo moja la kufanya na watoto wenu kwa mikono: achari katika kaskazi, mbegu katika masika, mwezi mwandamo katika Ramadhani, sahani ya futari ya kupeleka kwa jirani. Lifanyeni bila haraka, bila kuligeuza darasa, na mkilianza msiliache. Na mtu akiwauliza mmefanya nini jioni ile, msiseme, "Hatukufanya kitu." Semeni mlikuwa mkilipa deni.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kuzitekeleza amana zao kabla ya kuulizwa, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.